Kujifunza Kupiga Picha kwa Kitabu na kwa Mazoezi, Kisumu na Nakuru: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali yanayorudiwa na watu wanaoshika kamera kwa mara ya kwanza Kisumu, Nakuru, Kakamega na vitongoji vyake. Yanaanzia mwanzo kabisa. Kama tayari unajua ISO ni nini, ruka hadi sehemu ya tatu, kwa maana hiyo ndiyo hasa iliyofanya ukurasa huu uandikwe: vitabu vingi vya upigaji picha viliandikwa chini ya anga nyingine, na anga yetu haivifuati.

## Kabla ya kununua chochote

1. Je, kitabu kinatosha, au ni lazima nijiunge na chuo?

Kitabu peke yake hakitoshi, na chuo si lazima. Kazi ya kitabu ni kukupa mpangilio: kipi hutangulia kipi, na kwa nini picha ya jana ilikubali na ya leo imekataa. Video za mtandaoni hujibu haraka lakini hukurusha huku na huku. Leo unafundishwa flashi, kesho kubadilisha rangi za picha, na bado hujui kwa nini uso wa mama yako umetoka kama kivuli.

Ila kitabu hakioni jinsi mkono wako unavyotetemeka, wala hakijui vumbi la soko la Kibuye siku ya Jumapili. Hayo utayapata nje. Chuo kina faida zake, hasa vifaa vya kuazima na mtu wa kukukosoa. Ukimpata jirani au mpiga picha mzee wa mtaani atakayekukosoa bila kukubembeleza, umeokoa sehemu kubwa ya ada.

2. Nina simu tu. Nianze hivyo hivyo?

Anza. Fremu, mwanga, subira na namna ya kumkaribia mtu ni mambo ambayo simu inayafundisha sawa na kamera. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 zilizunguka dunia nzima, alianza na Box Brownie akiwa bado mwanafunzi, na hiyo ilikuwa kamera yenye uwezo mdogo kuliko simu yoyote iliyo mfukoni mwako leo.

Jambo moja simu haitakufundisha: apacha, yaani upana wa tundu la lenzi linaloingiza mwanga. Simu nyingi zina tundu lisilobadilika, na ule ukungu mzuri nyuma ya uso hutengenezwa na programu. Sura za kitabu zinazohusu apacha zitakuwa nadharia tu hadi upate kamera, hata ya kuazima. Kasi ya shata na ISO (zimeelezwa kwenye swali la 7) unaweza kuzijaribu ikiwa simu yako ina sehemu ya mipangilio ya mkono.

3. Kamera ya mtumba ni salama?

Ni salama ukiikagua. Kamera ya mtumba yenye lenzi ya kawaida ya 18–55 mm inamtosha mwanafunzi kwa muda mrefu. Kabla ya kutoa pesa, fanya haya mchana, wala usikubali kuuziwa gizani:

Washa tochi ya simu, uimulike ndani ya lenzi kutoka nyuma, kisha utazame kutoka mbele. Ukiona kitu kama nyuzi za buibui, hiyo ni kuvu, iache. Vumbi kidogo si neno. Piga picha ya ukuta mweupe kwa f/16 (tundu dogo la lenzi; tazama swali la 7) uikuze kwenye skrini. Madoa meusi yanayobaki mahali palepale katika kila picha ni uchafu wa sensa, kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga, na unasafishika. Uliza shata imepigwa mara ngapi. Kamera nyingi za daraja la kuanzia hukadiriwa kufikia kama mara 100,000, ingawa nyingine huzidi hapo na nyingine hufa mapema. Fungua kifuniko cha betri na cha kadi uone kama kuna kutu, hasa kama kamera imetoka kwa mtu anayefanya kazi ziwani.

Lenzi ya pili ya kununua, pesa zikipatikana, ni 50 mm f/1.8. Ukilinganisha f/1.8 na f/5.6, ambayo ndiyo mara nyingi huishia nayo lenzi ya 18–55 ukiivuta hadi mwisho, hiyo ya 50 mm huingiza karibu mara kumi ya mwanga. Kanisani utaona tofauti.

## Vitabu

4. Vitabu vyenyewe nitavipata wapi?

Anzia maktaba ya umma. Kisumu, Nakuru na Kakamega zote zinayo. Maktaba zinazopanga vitabu kwa mfumo wa Dewey huweka upigaji picha kwenye namba 770, kwa hiyo nenda moja kwa moja kwenye rafu hiyo, na usipuuze 778 na 779 zilizo karibu. Wauzaji wa vitabu vya mitumba kando ya barabara huwa navyo pia, vingi vikiwa vya miaka ya themanini na tisini. Watu huvipita kwa sababu jalada lina kamera ya filamu. Usivipite (tazama swali la 5).

Kitabu ambacho karibu kila mtu anacho na karibu hakuna anayekisoma ni kile cha maelekezo ya kamera yenyewe. Ukinunua mtumba bila kijitabu chake, watengenezaji wakubwa huviweka mtandaoni bure. Pakua, na ukiweza chapisha saiba kurasa zinazohusu vitufe. Ukikisoma utajua kitufe kiko wapi, na kile cha upigaji picha kitakuambia ukibonyeze lini.

5. Kitabu cha enzi za filamu kina faida gani kwa kamera ya dijitali?

Kubwa. Apacha, shata na mwanga havijabadilika. Namba iliyoitwa ASA kwenye boksi la filamu ndiyo ISO ya leo, na 100 ya wakati ule ni 100 ya sasa. Ruka sura za chumba cha giza na dawa za kusafishia filamu.

Vitabu hivyo vina ubora mmoja ambao vya sasa vingi vimeupoteza: vinamfundisha msomaji kukisia mwanga kwa macho. Kanuni mashuhuri ni ya f/16. Jua likiwa wazi na vivuli vikiwa vikali, weka apacha f/16 na kasi ya shata iwe sawa na ISO. Yaani ISO 100, sekunde 1/100. Ukitaka f/8, kasi inapanda hadi 1/400. Ijaribu uwanjani mchana wa Januari, halafu linganisha na kinachopendekezwa na kamera. Mwenye kanuni hii kichwani hababaishwi na kamera inayokosea.

Tena vilimtaka mwanafunzi aandike kwenye daftari mipangilio ya kila picha. Leo kamera inaandika yenyewe ndani ya faili. Kazi yako ni kuisoma tu.

6. Nisome namna gani ili yakae?

Kamera iwe mkononi, na usiende sura mbili kwa mpigo. Soma sura, uandike kwenye karatasi jambo moja la kujaribu, uende ukalijaribu mahali pamoja, urudi uisome tena sura ileile ukiwa na picha zako mbele yako. Usomaji huo wa pili ndio wenye faida, kwa kuwa sasa unasoma ukiwa na ugomvi na mwandishi.

Kitabu kimoja kilichosomwa hivyo kinapita kumi vilivyofunguliwafunguliwa. Ninawajua watu wenye rafu nzima ambao bado wanapiga kila kitu kwa mpangilio wa kijani wa kamera, ule wa kuiachia iamue yote.

7. Apacha, shata na ISO: nielezwe mara moja, polepole.

Apacha ni upana wa tundu ndani ya lenzi. Namba zake huenda hivi: f/2.8, f/4, f/5.6, f/8, f/11, f/16. Namba ikikua tundu linapungua, jambo linalowachanganya wengi. Sababu ni kwamba namba hiyo ni mgawanyo: lenzi ya 50 mm ikiwa f/2 tundu lake lina upana wa mm 25, ikiwa f/8 ni kama mm 6. Kila hatua kwenye orodha hiyo hupunguza mwanga kwa nusu.

Kasi ya shata ni muda ambao mwanga unaruhusiwa kuingia. Kutoka 1/125 kwenda 1/250 ni nusu ya mwanga. ISO ni kiasi ambacho kamera inakuza kile ilichopokea. Kutoka 100 kwenda 200 mng'ao wa picha unaongezeka maradufu.

Kwa hiyo f/8, 1/125, ISO 100 hutoa picha yenye mwanga sawa na f/5.6, 1/250, ISO 100. Na sawa pia na f/8, 1/250, ISO 200. Kinachotofautiana ni sura ya picha. Tundu kubwa huacha sehemu ndogo tu ikiwa kali na nyuma pakiwa na ukungu. Shata ya polepole huacha alama ya mwendo. ISO ya juu huleta chembechembe. Simama kwenye kituo cha boda boda, upige kwa 1/500, utaona hata spoki za gurudumu. Punguza hadi 1/30 huku ukiizungusha kamera kumfuata dereva: yeye atatoka wazi, barabara itatoka mistari. Simama mbali na lami, tafadhali.

## Pale kitabu na anga letu vinapoachana

8. Kitabu kinasema kuna saa nzima ya mwanga wa dhahabu jioni. Mbona mimi naupata dakika chache?

Kwa sababu mwandishi anaishi mbali na ikweta. Kisumu iko kusini ya ikweta kwa umbali mdogo sana, kwa hivyo jua hushuka karibu wima, nyuzi 15 kwa kila saa. Ukichukulia kwamba mwanga wa dhahabu huanza jua likiwa nyuzi 6 juu ya upeo, safari iliyobaki hadi kuzama ni kama dakika 24. London mwezi wa Machi safari hiyo huchukua kama dakika 40, na mwezi wa Juni zaidi, kwa maana huko jua hushuka likiinama ubavuni. Hata ile rangi ya samawati baada ya jua kuzama, ambayo vitabu huisifu sana, hapa inakwisha kwa dakika ishirini na kitu.

Faida yetu ni kwamba ratiba haibadiliki sana. Mwaka mzima jua la Kisumu huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini na saa kumi na mbili na dakika hamsini asubuhi, na huzama kati ya saa kumi na mbili unusu na saa moja kamili jioni. Ukienda Hippo Point kwa picha ya machweo, uwe umeshachagua mahali pako kufikia saa kumi na mbili. Anayeshuka kwenye tuktuk saa kumi na mbili na nusu akianza kufungua begi hupata kiini cha yai kikizama, basi.

Nakuru hali ni ileile, ila iko mashariki zaidi, kwa hiyo jua humtangulia mtu wa Kisumu kwa dakika chache.

9. Kitabu kinanishauri nitumie dirisha la kaskazini kwa picha za uso. Nimejaribu, jua linaingia.

Ushauri huo ni wa Ulaya na Marekani, ambako jua la mchana huwa kusini daima, kwa hiyo dirisha la kaskazini hupata mwanga wa anga tu, laini na usiobadilika. Hapa, kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba jua la mchana liko upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki liko kusini. Hakuna dirisha la kaskazini la kutegemea.

Tumia saa badala ya dira. Asubuhi, kaa na mtu wako kwenye mlango au dirisha la magharibi. Jioni, la mashariki. Mlango wa nyumba ya kawaida ni studio nzuri: mweke mtu hatua moja ndani ya kizingiti akitazama nje, wewe ukiwa nje. Angalia tu kama kuna mabati mapya mbele ya mlango. Bati linalong'aa hurudisha jua kali kama kioo, na uso utapata mistari.

10. Ngozi nyeusi hutoka ama giza tupu ama kama imepakwa majivu. Kosa ni la kamera?

Sehemu ni ya kamera. Kipimamwanga cha kamera hudhani kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Uso mweusi ukijaza fremu, kamera huona giza, huongeza mwanga, na uso unapauka. Mtu huyohuyo akisimama na anga jeupe la ziwani nyuma yake, kamera huona mwanga mwingi, hupunguza, na uso unapotea. Bi harusi mwenye gauni jeupe na bwana harusi mwenye suti nyeusi huichanganya kwa namna zote mbili katika picha moja.

Tiba ni kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Uso umepauka, toa theluthi mbili ya hatua au hatua nzima. Uso umezama kwa sababu ya anga, jumlisha hatua moja au zaidi, na uliache anga lipauke. Wateja hawaji kununua anga. Kamera yako ikiwa na upimaji wa doa, unaosoma mwanga wa sehemu ndogo tu ya picha, pima kwenye shavu lenye mwanga. Bora zaidi, badilisha mandhari ya nyuma: ukuta wa rangi ya udongo au majani yenye kivuli humfaa mtu mweusi kuliko anga au ukuta mweupe. Kisha fikiria mng'ao. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kupitia sehemu zinazong'aa, kwa hiyo mwanga wa ubavuni, hata dirisha moja, huichora vizuri kuliko flashi ya usoni.

Vitabu vya zamani havisemi mengi kuhusu hili, na kuna historia nyuma yake. Kwa miongo mingi Kodak ilizipelekea maabara kadi za kusawazishia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu. Ziliitwa kadi za Shirley, jina la mwanamitindo wa mwanzo. Uso wake ndio uliokuwa kipimo, na wengine walitoka walivyotoka. Ukisoma kwenye kitabu cha miaka hiyo kwamba rangi ya ngozi hupimwa kwa kuongeza hatua moja, jua ni ngozi ya nani inayozungumziwa.

11. Kazi imewekwa saa saba mchana. Nitafanyaje na jua hilo?

Kitabu kitakuambia urudi jioni. Mahafali hayarudi jioni. Hapa Kisumu jua hufika juu kabisa mnamo saa sita na dakika arobaini, na mwezi wa Machi na Septemba liko karibu utosini. Macho yote huwa mashimo meusi.

Tafuta kivuli kilicho wazi upande mmoja: veranda, ukuta mrefu, mwembe wenye matawi ya juu. Mti wenye majani machache haufai, utampa mtu madoa ya chui. Pasipo kivuli, mpe mtu mgongo wa jua na umweke mwenzako na karatasi nyeupe ya manila kiunoni ili irudishe mwanga usoni. Ardhi yenyewe husaidia: mchanga mweupe wa ufukweni hujaza kivuli cha macho vizuri kuliko nyasi, ambazo huleta ukijani kidevuni.

12. Ndani ya hema nyuso zinatoka bluu au kijani. Nirekebisheje?

Hili hulisomi kwenye kitabu chochote, na huku ndiyo kazi ya kila Jumamosi. Hema la turubai la rangi huchuja jua na kumwaga rangi yake juu ya kila mtu. Mizani ya weupe ya kamera inaweza kusawazisha rangi moja, lakini waliokaa ukingoni wanapata rangi ya hema upande mmoja na mwanga wa kawaida upande mwingine, na hapo hakuna kitufe kitakachokuokoa.

Kwa picha za uso, watoe hadi ukingoni wakitazama nje. Kwa shughuli inayoendelea ndani, piga faili ghafi (RAW) badala ya JPEG ili ubaki na nafasi ya kurekebisha, na ukubali kwamba baadhi ya picha zitapendeza zaidi zikiwa nyeusi na nyeupe. Flashi husaidia, ila usiielekeze juu kwenye turubai ukitegemea irudi: itarudi na rangi ileile. Makanisa yenye paa la bati refu lisilo na dari yana shida yake. Flashi ya juu hairudi kabisa.

## Mazoezi

13. Niende wapi kufanya mazoezi?

Mahali pamoja, mara nyingi. Ukilazimika kuchagua, chagua ufuo wa Dunga, Kisumu. Asubuhi jua huchomoza nyuma yako ukitazama ziwa, mitumbwi inaingia, samaki wanapimwa, omena wanaanikwa, na ndani ya eneo dogo una mwendo, nyuso, maji na mafunjo. Jioni mwanga umegeuka na unapiga vivuli vya mitumbwi juu ya maji yanayong'aa. Sura nzima ya kitabu kuhusu mwelekeo wa mwanga inasomeka hapo bila kuhama.

Kibuye ni kwa mtu aliyeshinda woga. Msitu wa Kakamega ni shule ya giza: chini ya miti mikubwa hata saa sita mchana utahitaji ISO 1600 au 3200, na kima hawasubiri. Kwa walio Nakuru, ukingo wa kreta ya Menengai ni mzuri kwa kujifunza umbali na ukungu wa hewa. Ziwa Nakuru lina vifaru na ndege, ila maji yalipopanda katika miaka ya 2010 flamingo wengi walihamia maziwa mengine, Bogoria likiwemo, kwa hiyo usiende ukitarajia ile picha ya kalenda.

14. Nipige picha ngapi kwa siku?

Chache kuliko unazopiga sasa. Seydou Keïta, aliyefungua studio Bamako mwaka 1948, mara nyingi alimpiga mteja picha moja tu, kwa sababu filamu ilikuwa ghali. Alifanya kazi kwa mwanga wa jua uani, na shuka la kitandani likawa pazia lake. Kabla ya kubonyeza alikuwa ameshapanga mikono, kichwa na nguo.

Jiwekee kiwango, mathalani fremu 24 kwa kila matembezi, na usifute kitu hadi urudi nyumbani. Utaona mwenyewe jinsi unavyoanza kungoja.

15. Picha zangu hazina ukali. Ni fokasi au ni mtikisiko?

Ikuze. Kama kuna kitu chochote kikali mbele au nyuma ya ulichokilenga, basi fokasi ilikwenda kwingine. Lenga jicho kwa nukta moja uliyoichagua wewe. Kama kila kitu kimevutika upande mmoja, mkono umetikisika. Kama mandhari ni kali na mtu tu ndiye amevutika, yeye ndiye aliyesogea.

Kanuni ya vitabu kwamba kasi isiwe chini ya moja gawanya kwa urefu wa lenzi iliandikiwa filamu ya mm 35. Kwenye kamera nyingi za kuanzia sensa ni ndogo, kwa hiyo zidisha kwanza kwa 1.5 (Canon 1.6): lenzi ya 50 mm inataka 1/80 na si 1/50. Kwa watoto, 1/250 au kasi zaidi.

16. Nitajuaje kwamba ninaendelea?

Chapisha. Chagua picha tano za mwezi, uzichapishe hata kwa ukubwa wa kawaida, uzibandike ukutani. Skrini ya simu inasamehe mno. Picha utakayochoka kuiona ndani ya wiki ina jambo la kukuambia, na ile ambayo mgeni huisimamia bila kuambiwa pia.

## Watu, ruhusa na sheria

17. Je, ninahitaji ruhusa kumpiga mtu picha barabarani au sokoni?

Kwa adabu, ndiyo, karibu kila mara. "Oyawore, mama. Naomba nikupige picha ukianika omena" itakufungulia zaidi ya lenzi ndefu ya kuibia. Ukikataliwa, shukuru uende. Ukiahidi kumletea nakala, mletee. Watu wa sokoni hukumbuka, na wanafunzi watakaokuja baada yako ndio watakaolipia.

Kwa sheria, Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na picha ya mtu anayetambulika ni data yake. Kuitumia kutangaza biashara bila idhini kunaweza kukugharimu: mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto zilizosambazwa bila idhini ya wazazi, na kilabu kimoja shilingi 1,850,000 kwa picha ya mteja. Kwa mtoto, idhini ni ya mzazi au mlezi, na iwe ya maandishi.

18. Nimeombwa kupiga picha za matanga. Kuna utaratibu?

Upo, na hutofautiana kwa kila boma. Kabla ya siku yenyewe, muulize mzee anayesimamia shughuli mambo matatu: kama jeneza likifunguliwa picha zinaruhusiwa, nani wapigwe pamoja, na nani wasiwekwe fremu moja. Hilo la mwisho usiliruke. Zima flashi na mlio wa shata wakati wa maombi. Wanaolia wapige kwa mbali au usiwapige. Picha za mwili usizitume kwenye kikundi chochote cha simu. Mkabidhi mwenye boma, yeye ndiye ataamua.

19. Picha za harusi niliyolipwa kupiga ni mali ya nani?

Wengi hushangaa hapa. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi iliyoagizwa na mtu huchukuliwa kwamba hakimiliki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kwa hiyo ukitaka kuzitumia kujitangaza, andika hivyo kwenye mkataba, hata wa ukurasa mmoja. Picha ulizopiga kwa hiari yako ni zako, ingawa idhini ya aliyepigwa bado inahesabika (tazama swali la 17).

20. Na droni?

Usiirushe kabla ya kupata kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, chini ya kanuni za mwaka 2020. Uwanja wa ndege wa Kisumu uko karibu na mji, kwa hiyo hata sehemu inayoonekana tupu inaweza kuwa anga la ndege. Hifadhi za wanyama zina kibali chao tofauti.

## Mengineyo

21. Nihifadhi vipi lenzi kwenye unyevu wa ziwa?

Chombo cha plastiki cha chakula chenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya. Mfuko wa kitambaa au wa ngozi uliofungiwa kabatini ndio kitalu cha kuvu. Itumie lenzi mara kwa mara. Kuvu hupenda iliyosahaulika.

22. Navaa miwani, na kila ninachoona kwenye kitundu cha kutazamia kina ukungu.

Kando ya kitundu hicho kuna gurudumu dogo la kurekebisha kwa jicho lako. Tazama namba zilizo ndani ya kitundu, wala si mandhari, ulizungushe hadi ziwe kali. Waliouziwa mtumba ndio wanaosumbuka zaidi, kwani lilikuwa limewekwa kwa jicho la mwingine.

23. Naweza kupiga kupatwa kwa jua?

Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa lote katika sehemu za Afrika Kaskazini na Uarabuni; Kenya tutaliona likipatwa kwa sehemu. Kwa kuwa halitafunikwa lote hapa, hakuna hata dakika moja ya kulitazama au kulilenga bila kichujio maalumu cha jua mbele ya lenzi. Miwani ya kawaida ya jua, filamu ya eksirei na kioo chenye masizi havitoshi, na ukitazama kupitia kitundu cha kutazamia cha kamera, lenzi inakuzia jicho lako miale hiyo. Usipopata kichujio, lipe jua mgongo na upige ardhi chini ya mwembe: kila upenyo kati ya majani utachora jua lililomegwa.